Biskuti za Mbao: Dhana Potofu Kuhusu Nguvu Yake, Gundi Yake na Mahali Pake

Biskuti ya mbao ni kijibao chembamba chenye umbo la jicho na unene wa karibu milimita 4, ambacho huingizwa nusu katika ubao mmoja na nusu katika ubao wa pili, kikashikwa na gundi na kubaki kimefichika humo maisha yote ya samani. Kwa sababu hakionekani, mengi husemwa juu yake karakanani bila mtu kuyapima. Fundi mmoja atakuambia kwamba kiungo kisicho na biskuti hakiaminiki. Mwingine atashikilia kwamba biskuti ni njia ya mkato ya wasiojua kuchonga ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao iliyochongwa iingie katika shimo la ubao mwingine. Wote wawili wanakosea, na gharama ya kosa lao huangukia kwa mteja, ambaye baada ya muda huona fremu ya kabati imelegea au uso wa meza umebonyea mahali asipopaelewa. Nitaanza na dhana iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa nyingine nyingi zimezaliwa nayo.

"Biskuti ndiyo inayobeba nguvu ya kiungo"

Chukua vipande viwili vya mninga vilivyorandwa vikanyooka, uviunge ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya PVA, uvibane kwa klampu na uviache vikauke siku nzima. Ukivivunja kwa nyundo, mara nyingi mpasuko hautafuata mstari wa gundi, bali utapita ndani ya mbao yenyewe, pembeni kidogo ya mstari huo. Nyuzinyuzi za vipande vyote viwili zimelala upande mmoja, gundi imezishika kwa urefu wake wote, na mshiko huo una nguvu kuliko namna nyuzinyuzi zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Mahali kama hapo biskuti haiongezi nguvu yoyote ya maana. Inasaidia kuzuia mbao zisiteleze wakati wa kubana, jambo ambalo si dogo, lakini anayeiweka akitumaini kwamba itafidia mbavu ambazo hazikurandwa sawasawa anajenga kiungo kibovu chenye biskuti ndani yake. Pengo linalopitisha mwanga kati ya mbavu mbili ni kazi ya randa.

Hali hubadilika kabisa pale kichwa cha ubao kinapokutana na ubavu wa ubao mwingine, kama ilivyo katika fremu ya mlango wa kabati, au pale mbao mbili zilizokatwa kwa digrii 45 zinapokutana kwenye kona. Kichwa cha ubao ni mkusanyiko wa mirija iliyokatwa. Hufyonza gundi kabla haijapata kushika, na hata gundi ikiwa nyingi mshiko wake hubaki dhaifu. Mfereji wa biskuti ukichimbwa ndani ya kichwa hicho, kuta zake mbili pana huwa ni nyuzinyuzi zilizolala, wala si midomo ya mirija. Biskuti basi inaipa gundi uso mzuri wa kushika ambao haukuwapo kabla. Hapo ndipo inapoongeza nguvu kwa kweli, na tofauti huonekana wazi ukilinganisha na kiungo cha kichwa kwa ubavu kilichopakwa gundi peke yake.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya kupimika. Biskuti kubwa miongoni mwa zile za kawaida, yaani namba 20, ina urefu wa karibu milimita 56 na upana wa milimita 23, kwa hiyo huzama takribani milimita 12 tu katika kila ubao. Ulimi wa kiti kilichotengenezwa vizuri huzama milimita 30 au zaidi. Mtu anapoegemea kiti na kukinyanyua miguu ya mbele, uzito wake wote hugeuka kuwa mkono wa wenzo unaokazana kuung'oa ubao wa pembeni kutoka kwenye mguu wa nyuma, na milimita 12 hazitoshi kuuzuia. Kwa maoni yangu biskuti haina nafasi katika viti vya kukalia, katika miguu ya meza nzito, wala katika ngazi. Hapo pana ulimi na tundu, au vijiti vya mviringo vilivyozama vya kutosha, au ndimi za kupachikwa kama zile za mashine ya Domino ya kampuni ya Festool iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 2000, ambazo ni nene zaidi na huzama ndani zaidi.

Tukikumbuka biskuti ilikotoka, mambo haya hayashangazi. Hermann Steiner, fundi seremala aliyefungua karakana yake mwaka 1944 katika mji wa Liestal, Uswisi, hakuwa anatafuta namna ya kuunga viti. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa akitafuta njia nyepesi ya kuunga chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi, bidhaa ambayo wakati huo ilikuwa bado ngeni. Chipbodi haina nyuzinyuzi ndefu za kuchongea ulimi, na skrubu ikipigwa kwenye ubavu wake hupasua au huzunguka bure. Mfereji mfupi wenye kijibao kinachovimba ndani yake lilikuwa jibu la tatizo hilo hasa. Mashine ya kwanza ya kusimama ya kuchimba mifereji hiyo ilifuata mwaka 1956, ile ya kushikwa mkononi mwaka 1968, na mwaka 1969 biashara hiyo ya familia ikasajiliwa kuwa kampuni ya Lamello. Mpaka leo, kazi ambayo biskuti huifanya kwa ubora wa juu kabisa ni ileile: makabati ya jikoni, rafu za vitabu na kabati za nguo za chipbodi, emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kubanwa) au plaiwudi, ambako mzigo umesambaa na viungo havipindwi kila siku.

"Kipande chochote chembamba cha mbao kinaweza kuwa biskuti"

Dhana hii imeenea kwa sababu inaonekana kuokoa fedha, na nawaelewa wanaoifuata, kwani pakiti ya biskuti si rahisi kupatikana kila mji. Fundi huchukua mabaki ya mninga au ya plaiwudi, huyachana kwa unene wa milimita 4, huyakata umbo la jicho na kuyaingiza. Kiungo hushika, naye huona amefanikiwa.

Anachokikosa ni mambo mawili yaliyomo katika biskuti ya kiwandani. La kwanza ni kwamba biskuti hukatwa kutoka mbao za biichi, mti mgumu wa Ulaya, kisha hubanwa kwa nguvu kubwa hadi unene wake upungue. Maji ya gundi yakiifikia, hurudi kutanuka na kujikaza dhidi ya kuta za mfereji. Kipande cha mninga hakikubanwa. Nacho kitavimba kidogo sana, kwa sababu mninga unasifika kwa kutulia, na sifa hiyo inayoufanya uwe bora kwa milango ndiyo inayoufanya usifae kwa kazi hii. La pili ni mwelekeo wa nyuzinyuzi. Itazame biskuti kwa karibu chini ya mwanga, utaona nyuzinyuzi zake zinapita mshazari, hazifuati urefu wala upana. Zingefuata urefu, biskuti ingepasuka kando ya mstari wa kiungo mara tu mbao zinapovutwa kuachana. Zikiwa mshazari, kila mpasuko unalazimika kukatiza mstari huo.

Ukikosa kabisa biskuti za kununua, ni afadhali utumie vijiti vya mviringo ulivyovipima vizuri kuliko biskuti ya kujitengenezea iliyolegea katika mfereji wake.

"Gundi ni gundi, na biskuti ni kitu kikavu kisichoharibika"

Hapa ndipo, kwa mtazamo wangu, mafundi wa ukanda wa pwani hupoteza kazi nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa kuwa biskuti hufanya kazi kwa kuvimba, inahitaji gundi yenye maji. Gundi nyeupe ya PVA, na ile ya manjano iliyo ya jamii hiyohiyo, hubeba maji ya kutosha. Epoksi haina maji, na gundi ya poliuretani haileti maji yake yenyewe bali huvuta unyevu kidogo kutoka hewani na kwenye mbao ili ikauke. Ukitumia mojawapo ya hizo mbili, biskuti itashikwa na gundi kama kipande kingine chochote cha mbao, lakini haitajikaza katika mfereji, na kama mfereji ni mpana kidogo kuliko biskuti italegea ndani ya tabaka la gundi. Vilevile gundi ipakwe kwenye kuta zote mbili za mfereji, si kudondoshwa chini tu wala kupakwa kwenye biskuti peke yake, kwa sababu biskuti iliyopakwa gundi huanza kuvimba mkononi mwako ukiwa bado unatafuta klampu. Baada ya kuichomeka una dakika chache tu za kufanya kazi. Kwa hiyo vipande vyote vijaribiwe vikavu kwanza, na klampu zifunguliwe kwa upana unaohitajika kabla chupa ya gundi haijafunguliwa.

Sasa fikiria biskuti hizohizo zikiwa zimeachwa wazi ndani ya kopo juu ya meza ya kazi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Mbao iliyokaa kwa muda katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hushika maji yapatayo asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 50 hushika karibu asilimia 9 tu. Biskuti, kwa kuwa ni nyembamba na imebanwa, hufikia kiwango hicho upesi kuliko ubao mnene. Msimu wa masika ukipita juu yake, itakuwa imevimba kabla haijaona gundi. Fundi hushangaa kwa nini haiingii, huipiga nyundo, na wakati mwingine hulipasua tabaka la juu la plaiwudi. Hapo huilaumu mashine kwamba inakata mfereji mwembamba, ilhali mashine haina kosa.

Kipimo ni rahisi. Biskuti nzima ikiwa kavu inapaswa kuingia katika mfereji kwa kusukumwa na kidole, na kutoka kwa kuvutwa na kidole. Ikihitaji nyundo, imekwisha kunywa maji. Zihifadhi katika chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme. Zilizovimba kidogo zinaweza kurudishwa kwa kukaushwa taratibu katika oveni yenye joto la chini, ingawa zile zilizovimba sana hazirudi tena unene wake wa awali, nazo zitupwe bila huruma.

"Gundi ikishakauka, piga msasa umalize"

Kosa hili ni la kusikitisha kwa sababu huwapata mafundi waangalifu, wanaotaka uso laini kabisa. Uso wa meza umeungwa kwa biskuti asubuhi, jioni klampu zimefunguliwa, gundi ni ngumu, na fundi anauranda na kuupiga msasa hadi unang'aa. Wiki chache baadaye, vanishi ikiwa imekwisha kupakwa, mteja anapiga simu. Ukiinama na kuutazama uso huo kwa mshazari, mwanga wa dirisha ukipita juu yake, unaona mabonde madogo yenye umbo la jicho yamepangana kando ya kila mstari wa kiungo, yote kwa umbali uleule. Kina chake ni kidogo mno kushikwa na kidole, lakini vanishi ya kung'aa huyaonyesha yote.

Kilichotokea ni hiki. Gundi ilipoingia mferejini, maji yake yalipita kwenye mbao iliyo juu ya biskuti, ikavimba na kuinuka kidogo kuliko sehemu nyingine. Gundi ilikauka kwa kushika, lakini maji yalikuwa bado yamo ndani ya mbao. Msasa ukakata ule mwinuko ukausawazisha na wenzake. Maji yalipomalizika kutoka siku zilizofuata, mbao ikasinyaa kurudi mahali pake, na kwa kuwa sehemu ya juu ilikuwa imekwisha kuondolewa, ikashuka chini ya usawa. Ubao ukiwa mwembamba hali ni mbaya zaidi: katika ubao wa milimita 18 mfereji wa milimita 4 huacha milimita 7 juu na 7 chini, lakini katika ubao wa milimita 12 hubaki milimita 4 tu, na maji huzipita upesi. Suala zima ni subira. Kiungo cha biskuti kiachwe siku kadhaa kabla ya kurandwa kwa mara ya mwisho, na pwani wakati wa mvua kiachwe zaidi. Mteja anayeharakisha aelezwe sababu hii kabla kazi haijaanza.

"Biskuti huzipanga mbao zenyewe"

Biskuti huzuia mbao zisipande wala kushuka, lakini huzipanga vizuri kwa kadiri tu mifereji ilivyochimbwa vizuri. Mashine ikiinuka nywele moja wakati wa kusukuma, mfereji utakuwa umeinama, na biskuti itaushikilia upotovu huo kwa uaminifu mpaka gundi ikauke. Jambo la lazima ni kupima kutoka uso mmoja. Amua upande upi utakuwa juu, uuwekee alama ya penseli kwenye kila ubao, na bapa la kuongoza la mashine lilazwe juu ya uso huo katika kila mfereji unaochimba. Mbao zikitofautiana unene kwa milimita moja, tofauti hiyo yote itaangukia upande wa chini, ambako haimsumbui mtu. Ukichanganya, ubao mmoja ukipimwa kutoka juu na mwingine kutoka chini, tofauti itajitokeza katikati ya meza.

Kwa upande wa urefu mambo ni kinyume, na hilo limefanywa kwa makusudi. Mfereji ni mrefu kuliko biskuti, ili mbao ziweze kusogezwa milimita chache kushoto au kulia kabla gundi haijashika. Hiyo ni faida kubwa kwa anayeunga rafu ndefu peke yake, na vijiti vya mviringo havina uvumilivu wa namna hiyo. Lakini maana yake ni kwamba ncha za mbao lazima zilinganishwe kwa macho na kwa guniya, yaani kipimo cha pembe mraba, kwa sababu biskuti haitazilinganisha.

"Zikiwa nyingi zaidi na kubwa zaidi ni bora zaidi"

Kwenye ubavu mrefu, umbali wa sentimita 15 hadi 25 kati ya biskuti moja na nyingine unatosha, ya kwanza ikiwa sentimita 5 hadi 7 kutoka ncha. Ukizibana zaidi ya hapo unachimba mbao nzuri na kuongeza maji bila faida. Kuhusu ukubwa, tatizo hujitokeza katika fremu nyembamba. Jino la mashine ni duara la kipenyo cha milimita 100, na duara hilo likizama milimita 12 kwa ajili ya namba 20 huacha mfereji wenye urefu wa milimita 65 hivi. Likizama milimita 10 kwa ajili ya namba 10 huacha milimita 60. Na kwa namba 0, linapozama milimita 8, huacha karibu 54. Ubao wa fremu wenye upana wa milimita 50 hauwezi kuficha hata mfereji mdogo kuliko yote hayo. Utatokeza pembeni, na hakuna puti ya kuziba itakayouficha vizuri. Jambo hilohilo humkuta anayekata ncha za meza baada ya kuziunga, kwani msumeno ukipita juu ya biskuti iliyokaa karibu mno na ncha, kipande cha biichi hubaki kikionekana kwenye kichwa cha meza.

"Meza iliyofungwa kwa biskuti haitacheza"

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kila unyevu wa hewa unapobadilika, na hakuna biskuti wala skrubu inayoizuia. Uso wa meza ya mtiki wenye upana wa sentimita 90, mbao zake zikiwa zimechanwa kwa namna ya kawaida, ukitengenezwa Tanga na kuhamishiwa mahali pakavu, unaweza kusinyaa kwa karibu sentimita 1. Biskuti zinazounga mbao za uso huo husafiri nao bila tatizo. Hatari ipo pale fundi anapozitumia kuufunga uso kwenye fremu ya miguu kwa gundi pande zote nne, kwa sababu fremu haibadiliki urefu, na uso ukikosa pa kwenda utapasuka. Njia salama ni vifungo vya mbao vyenye ulimi, vilivyoskrubiwa kwenye uso na kuingia katika mfereji mrefu wa fremu bila gundi, ili uso uteleze. Inapendeza kwamba mifereji hiyo inaweza kuchimbwa kwa mashine hiyohiyo ya biskuti.

Na kwa kuwa nimeutaja mtiki: una mafuta ya asili yanayoifukuza gundi. Mbavu zake zifutwe kwa asetoni au spiriti na kuungwa muda mfupi baadaye, kabla mafuta hayajarudi usoni.

"Grenda yenye jino la mbao ni sawa na mashine ya biskuti"

Dhana hii ndiyo pekee kati ya zote inayoweza kumkata mtu vidole. Mashine ya biskuti, ingawa kwa nje inafanana na grenda, ina jino lililofichika ndani ya kasha. Hutoka tu pale mashine inaposukumwa dhidi ya ubao, na springi hulirudisha ndani mara ukiachia. Grenda iliyofungwa jino la msumeno haina kasha hilo wala kipimo cha kina. Inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na jino likinaswa katika mbao, grenda hurukia mwili wa aliyeishika kabla hajaweza kuiachia.

Asiye na mashine ya biskuti na ana rauta, ile mashine ya mkono ya kuchonga kingo na mifereji, anaweza kutumia jino la mifereji la milimita 4 lenye beringi ya kuongoza. Atachora mwanzo na mwisho wa mfereji kwa penseli, ataingiza jino, ataisogeza rauta kinyume na mzunguko wa jino hadi alama ya pili, kisha atairudisha nje. Ni kazi ya polepole, lakini mfereji wake ni safi sawa na ule wa mashine. Ubao ufungwe kwa klampu kwenye meza kabla ya kuwasha, hata kama ni mfereji mmoja tu, na kipande kifupi kichimbwe kikiwa bado hakijakatwa kutoka kwenye ubao mrefu.